Mwaka Tulioomba Moshi kwa Majirani

Asubuhi moja ya mwezi ambao kwa kawaida vumbi huwa limeshaanza kutimka barabarani, nilitia mkono ndani ya rundo la mahindi yetu sebuleni, nikautoa haraka. Mahindi yalikuwa ya moto. Si moto wa kuunguza, ni ule wa paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Mama!" niliita. "Mama, njoo haraka! Mahindi yanachemka!"

Niliyemwita ni mama mkwe wangu. Nilikuwa bibi harusi wa mwaka wa kwanza, binti wa Titye upande wa Kasulu niliyeolewa Murungu, Kibondo. Tuliishi watu watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwishoni, wakati malori ya kwenda kambi za wakimbizi yalikuwa yakipita barabarani tangu alfajiri hadi jioni, yakituachia matope ukutani. Shamba lile la mahindi lilikuwa la kwanza kuitwa langu. Nilililima, nikalipalilia, nikalilinda dhidi ya ngedere kwa debe na fimbo, na kila jioni nilipopita kando yake nilikuwa natembea taratibu ili watu wanione nikiwa nalo.

Lakini mvua mwaka ule zilikataa kuondoka. Mei ilifika katikati na bado zilikuwa zinanyesha kama Februari. Mahindi yalikomaa yakiwa yameloa, mengine yakaanza kuota huko huko juu ya bua. Ikabidi tuvune hivyo hivyo. Ghala la zamani lilikuwa linavuja, kwa hiyo tuliyamwaga sebuleni, na mume wangu akayafunika vizuri kwa turubai, lile jeupe la kambini lililokuwa likiuzwa sokoni, ili matone ya paa yasiyafikie. Tulijiona tumefanya la maana. Kumbe tulikuwa tumeyapika.

Mama mkwe alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Akavuta turubai, na mvuke ukapanda. Harufu ile ninaikumbuka hadi leo, harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu na nguo mbichi ndani. Akachukua hindi moja, akalimenya. Kuanzia kwenye ncha lilikuwa limeota manyoya ya kijani na kijivu. Akachukua jingine, hilo lilikuwa zima, jeupe kabisa. La tatu lilikuwa na punje za waridi, kama limepakwa rangi.

"Yoo, Mana yanje," alisema taratibu. Mungu wangu. Kisha akasimama wima, mama yule mfupi, akapiga makofi mara moja. "Haya! Hakuna kulia hapa. Yote yatoke nje ya rundo sasa hivi. Yote!"

Kilichonitia hofu hakikuwa mahindi peke yake. Juma lililopita dereva mmoja wa lori alikuwa ametuletea salamu kutoka Titye: baba na mama yangu wangekuja kututembelea baada ya Pentekoste. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuja kuona mahali binti yao anapoishi. Na kwetu mgeni kama huyo hulishwa unga wa shamba lako, si unga wa dukani. Mama yangu asingeuliza lolote. Angekula tonge moja, akajua.

Tukaanza kuchambua. Mume wangu alikuwa anamenya, mimi natazama, mama mkwe anaamua. Mazima huku, mabovu kule. Mwanzoni niliamini tutaokoa karibu yote, lakini lile rundo la mabovu lilikuwa linakua tu, na mume wangu akaanza kulitazama kwa jicho la kulionea huruma.

"Mama," alisema, "haya mengine kuvu lipo kwenye ncha tu. Tukwangue, tuoshe, tuanike. Tutatupaje jasho letu?"

"Ukiosha unaliongezea maji ya kunywa," mama yake alimjibu. "Na hilo unaloliona juu ni nywele zake tu. Mwili wake umeshaingia ndani ya punje. Weka kule."

"Basi tuwape kuku."

"Halafu kuku huyo ataliwa na nani?"

Mume wangu akatupa hindi kwenye rundo la mabovu.

Kabla hatujamaliza, habari zilikuwa zimeshatembea. Akaja mzee mmoja wa jirani aliyekuwa akipika pombe, gunia tupu begani, uso umejaa tabasamu. "Mwidiwe," alitusalimu, salamu ya Kiha ya kuanzia mchana, ingawa jua, kama lingekuwepo, lilikuwa bado halijafika utosini. Akasema amesikia tuna mahindi ya kutupa, na kwamba kwenye kimea hakuna hindi bovu, moto na hamira ya pombe humaliza kila kitu. Angetuachia mawese kwa shukrani. Ninakiri moyo uliniruka. Mawese! Na wageni wanakuja!

Mama mkwe alimkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia kwa upole kabisa: "Shemeji, nilipokuwa msichana tulipata mwaka kama huu. Kulikuwa na nyumba moja upande wa Muyama, watu wa ukoo wetu, walikula mahindi ya namna hii kwa sababu njaa iliwabana. Wakayapika ugali, yaliyobaki wakayapika pombe. Macho yao yaligeuka manjano kama kiini cha yai. Matumbo yakajaa. Niliwaona kwa macho yangu, na nilikwenda kwenye mazishi. Sitakupa uwape watu."

Yule mzee alitazama lile rundo, akatazama gunia lake. Sikutegemea alichofanya. Alilikunja gunia, akalikalia, akaanza kutusaidia kuchambua. Mchana huo huo yeye na mume wangu walichimba shimo nyuma ya choo, wakamwaga mabovu yote, wakachanganya na majivu ili mtu asishawishike kuyafukua, wakafukia. Niliposimama pale pembeni nikiona shamba langu linaingia ardhini, machozi yalinitoka. Mama mkwe aliniona, akanishika bega.

"Mwanangu, hayo yameshakwenda. Sasa twende tukayapiganie yaliyobaki."

Na hapo ndipo raha ilipoanza. Naiita raha kwa sababu sijui neno jingine, maana tulikuwa tumechoka, tumeloa, na mvua ilikuwa inanyesha, lakini sijawahi kuishi siku zilizochangamka kama zile.

Dawa ilikuwa moja: kukausha haraka, kila hindi peke yake, hewa ipite. Jua hakuna. Kilichokuwepo ni moto wa jikoni. Mama mkwe alinifundisha kurudisha maganda nyuma bila kuyakata, kufunga mahindi mawili mawili kwa maganda yao, na kuyatundika juu ya miti iliyopita chini ya paa la jiko, moja linaning'inia huku, jingine kule. Jiko letu likajaa hata mtu hawezi kusimama bila kugongwa kichwani. Na bado sebuleni kulikuwa na mahindi ya kutosha kujaza majiko mengine.

"Basi tutaomba," alisema mama mkwe.

"Tutaomba nini, Mama?"

"Moshi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinitwika kikapu cha mahindi, akaniambia nianze na jirani wa mashariki, mama mmoja ambaye familia yake ilitoka Burundi zamani, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilifika nikaona aibu. Mtu anaombaje nafasi juu ya meko ya mwenzake? Nikasimama mlangoni, kikapu kichwani.

"Bibi harusi," alisema yule mama, "umekuja kunipa au kuniomba?"

"Kuomba, mama. Mahindi yetu yameshikwa na kuvu. Tunaomba... tunaomba moshi."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniambia kwa kile Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi: "Ego, ndiyo, ingia. Moshi wangu unatoka bure kwenye nyasi za paa kila siku, haujawahi kumsaidia mtu." Akapanda mwenyewe juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuyatundika, akinipa amri kutoka juu.

Nikatoka pale na mabawa. Nyumba iliyofuata nikaomba bila kusita, na iliyofuata tena. Kufikia jioni, mahindi yangu yalikuwa yananing'inia katika majiko ya nusu ya kitongoji, na mahali pengine walikuwa wamenionyesha maharage yao nayo yakianza kuvunda kwenye vyungu vilivyofunikwa, nasi tukayamwaga pamoja kwenye ungo, tukachagua yaliyobadilika rangi, tukayatandaza mengine karibu na moto. Kila mtu alikuwa na jambo lake la kuokoa. Mmoja alitoa muhogo mkavu uliokuwa umeegemea ukuta, nyuma umeota doa jeusi, akaapa hataegemeza tena kitu ukutani maadamu anaishi. Watu walikuwa wanatembeleana mchana kutwa kukagua vyakula. Ukisikia kicheko jikoni, ujue kuna mtu amegongwa na hindi.

Tatizo likawa kujua lini yamekauka. Mama mkwe alikuwa anatumia meno. Anachukua punje, anaiweka kwenye jino la nyuma, anafumba macho, anauma. Ikilia *kaa!* imekauka. Ikibonyea, bado. Mimi meno yangu yalikuwa yananidanganya. Lakini nilikuwa na kitu kutoka shuleni. Mwalimu wetu wa sayansi kimu kule Kasulu aliwahi kutuonyesha jambo kwa chupa na chumvi, na nilikuwa nimelipenda kama mchezo wa mazingaombwe. Nikamwambia mama mkwe. Akaniangalia kwa mashaka.

"Chumvi ijue mahindi?"

"Ngoja uone, Mama."

Nilikwenda kwa mwenye duka pale njia panda, mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani, nikamwomba chupa tupu ya soda. Aliniuliza ya kazi gani, nilipomweleza akaifuta mwenyewe ndani na nje hadi ikang'aa, akasema lazima aje aone matokeo. Nikaikausha jikoni. Nikachukua chumvi, ambayo kwa unyevu ule ilikuwa imeganda kama tope, nikaikaanga kwenye kikaango mpaka ikaruka ruka. Nilipoiona imepoa, nikatia punje za hindi moja ndani ya chupa, nikatia chumvi kidogo, nikaziba kwa kipande cha gunzi kavu, nikatikisa kwa nguvu. Kisha nikaiweka chini tusubiri.

Tulikuwa tumechuchumaa kuizunguka: mimi, mama mkwe, mume wangu, jirani yetu wa mashariki na mwenye duka aliyekuwa ameacha duka wazi. Mama mkwe alikuwa ameshauma punje za hindi lile lile na kusema zimekauka. Nilipoinua chupa na kuigeuza kuelekea mlangoni, chumvi ilikuwa imenata kwenye kioo pande zote.

"Hayajakauka," nilisema. "Yangekauka, chumvi ingeanguka yote chini. Chupa ingebaki safi."

Nikaogopa kuwa nimemvunjia mama mkwe heshima. Yeye akaichukua chupa, akaipeleka karibu na jicho, akaigonga kwa kucha, chumvi ikakataa kutoka. Akaanza kutabasamu.

"Kumbe mahindi yanatoka jasho!" alisema. "Na chumvi inalikamata!"

Tangu siku hiyo chupa haikurudi mikononi mwangu. Mama mkwe alizunguka nayo jiko kwa jiko, akikaanga chumvi ya watu, akitikisa, akiinua juu. Bado alikuwa anauma kwanza, kisha anatikisa, na siku jino na chumvi vilipokubaliana kwa mara ya kwanza alipiga kigelegele kilichowatoa watu majumbani wakidhani kuna mtoto amezaliwa.

Kisha jua likatoka. Lilitoka ghafla, siku chache baada ya Pentekoste, kali, na anga ya buluu ambayo tulikuwa tumeisahau. Tukakusanya mahindi kutoka majiko yote, tukapukuchua, tukayatandaza uani juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu, tabaka jembamba, tukiyageuza kila mara kwa mikono. Lakini mawingu yalikuwa bado yanatuvizia nyuma ya mlima. Tone moja tu likianguka, mtu wa kwanza kulihisi alipaza sauti, "Anueni!" na kitongoji kizima kilikimbia. Nimeona wazee wakikimbia ambao sikujua wana magoti.

Wageni wangu walifika katikati ya jambo hilo.

Nilikuwa nimeyageuza mahindi kwa mara ya mwisho nilipowaona wanakuja kwenye njia, baba mbele amevaa koti lake la kanisani, mama nyuma na mfuko kichwani. Nilitaka kukimbia kuwapokea. Wakati huo huo upepo ukabadilika, ukawa wa baridi, na nyuma yao, juu ya migomba, nikaona ukuta wa mvua unakuja.

"Anueni!" alipiga kelele mama mkwe.

Nikashika pembe moja ya turubai, mama mkwe akashika ya pili, mume wangu akaruka kutoka nyuma ya nyumba akashika ya tatu. Ya nne haikuwa na mtu. Turubai likaanza kulegea upande ule, mahindi yakaanza kuteremka kuelekea matopeni. Na mama yangu mzazi, aliyekuwa hajasalimia mtu, hajanyoosha hata mgongo wa safari, akatupa mfuko chini, akakimbia, akaishika ile pembe ya nne.

Ni lazima nieleze. Kwetu, mama na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawakai jamvi moja, hata njiani mmoja humpisha mwenzake kwa kugeuka. Tangu harusi, mume wangu na mama yangu hawakuwa wamewahi kusimama karibu kiasi cha kuonana kope. Na sasa walikuwa wameshika turubai moja, uso kwa uso, wakirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, mahindi yanabembea katikati yao.

"Inua upande wako, mwanangu!" alisema mama yangu.

"Nimeinua, mama! Angalia kizingiti nyuma yako!"

Baba aliingiza mikono chini, tumbo la turubai likiwa limeshuka, akalibeba kwa kifua na koti lake la kanisani. Tukaingia sebuleni sote kwa pamoja kama ng'ombe wanaoingia zizini, na mvua ikapiga bati nyuma yetu kwa kishindo. Hata punje moja haikuloa. Tukabaki tumesimama, tunahema, bado tumeshika pembe zetu. Ndipo mama na mume wangu wakatambua wako wapi. Mama akatazama mikono yake. Mume wangu akatazama dari. Hakuna aliyethubutu kuachia.

Mama mkwe ndiye aliyetangulia kusema. "Mkwe," alimwambia mama yangu, "karibu nyumbani. Kwetu wageni huanza kwa kazi."

Mama akacheka. Alianza kwa mdomo uliofungwa, kisha ikamshinda, akaketi chini kando ya mahindi, anacheka na kufuta machozi, na baba akaanza, na mume wangu, aliyekuwa amegeukia ukuta kwa heshima, nikaona mabega yake yanatikisika. Baadaye walirudi kila mmoja mahali pake, mama kwenye jamvi la ndani, mume wangu kibarazani na baba. Adabu ilirudi, lakini kuanzia siku ile ilikuwa adabu ya watu wanaopendana. Mama alikuwa akimtumia salamu kwa jina la utani alilompa mwenyewe, ambalo mimi sikuruhusiwa kulitumia.

Mlo wa siku ile tuliupika kwa mahindi yaliyokuwa yamekauka mapema, yaliyosagwa siku moja kabla. Ugali ulikuwa mweupe, una harufu tamu ya mbali ya moshi. Tuliuweka na maharage yaliyoungwa kwa mawese na dagaa wa Kigoma. Mama alikata tonge, akalibonyeza, akalinusa bila kujificha, akala. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa, macho yangu mdomoni mwake.

"Moshi wa nani huu?" aliuliza.

"Wa majirani wote, mama," nilisema, na nikamsimulia yote, nikiongea haraka mpaka baba akaniambia nimeze mate kwanza.

Mahindi yale hayakuwa mengi tena, lakini yalitosha. Mama mkwe hakuruhusu gunia moja liguse sakafu wala ukuta. Tuliyapanga juu ya mbao zilizokalia mawe, na upenyo wa kupitisha mkono pande zote, na kila siku ya jua tulifungua milango na madirisha hewa ipite. Unga hatukusaga mwingi kwa mara moja. Kila juma mmoja wetu alikuwa akitia mkono katikati ya gunia kusikiliza kama kuna joto. Hapakuwa na joto. Tuliyala hadi mahindi mabichi ya msimu mpya yalipofika, na hakuna aliyeugua.

Kiangazi kilipokaza, mume wangu akaamua kujenga ghala jipya. Alilijenga kwa miti na fito, lenye miguu mirefu, kuta za fito zilizoachiana nafasi ili upepo uingie upande mmoja utokee mwingine, na kila mguu akauvalisha bati la debe ili panya wateleze. Siku ya kupandisha paa la nyasi, mzee wa pombe alikuwa juu ya mti mmoja wa paa, jirani wa mashariki alikuwa anarusha nyasi, na watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kuuliza. Mume wangu aliwaeleza kwa bidii kana kwamba anahubiri. Walipomuuliza nani alimfundisha, akanyoosha kidole kwangu na kwa mama yake, tuliokuwa tumepanda ndani ya ghala tukijaribu, kwa makalio yetu na kwa vicheko, kama ile sakafu ya fito ingestahimili uzito wa mavuno.